Mimi si yule wa gazetini

Wasomaji wangu, leo nina deni la kulipa. Nimelibeba muda mrefu, na kila nikipita Bunda linanikumbusha.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mchanga katika kazi hii (hata sasa sijakomaa sana, msinicheke), nilikaa mahakamani Bunda nikifuatilia kesi ya watu watatu walioshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Kwetu Mara habari za namna hiyo hazimshangazi mtu. Karani alinipa karatasi ya mashitaka niangalie. Kila mshitakiwa alikuwa na majina yake matatu, umri wake na kijiji chake. Nikanakili vyote kwenye daftari, nikapanda gari kurudi Musoma.

Jioni nikaituma habari kwenye gazeti nililokuwa naliandikia wakati huo. Nikaambiwa nafasi ni ndogo, punguza. Nikapunguza. Nikaondoa umri. Nikaondoa vijiji. Nikaondoa jina la tatu la kila mmoja. Habari ikatoka kesho yake, fupi, imebanwa chini ya tangazo. Mimi nikafurahi, nikaikata kwa mkasi na kuiweka kwenye faili langu.

Baada ya siku chache akanipigia simu mtu nisiyemfahamu. Akaomba tuonane Bunda. Tukakutana kwenye mgahawa jirani na stendi. Alikuwa mtu mzima, shati limenyooshwa vizuri, kalamu mbili mfukoni. Mwalimu wa shule ya msingi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo mimi, mwalimu."

Akatoa kitambulisho chake cha mpiga kura akakiweka mezani. Akatoa kipande cha gazeti, ile habari yangu, akakiweka pembeni yake. "Soma hapa," akasema. "Halafu soma na hapa. Uniambie mimi ni nani."

Nikasoma. Jina la kwanza na la pili yalifanana herufi kwa herufi.

Akanieleza. Alikuwa amepeleka ng'ombe wake mnadani auze apate ada ya binti yake. Bei ilikuwa imeshakubaliwa. Walipofika kwenye kuandikiana, akataja jina lake, na mtu mmoja pembeni akasema, "Huyu si ndiye yule wa gazetini?" Biashara ikaishia hapo. Vijana wakaanza kumzunguka, wanamuuliza huyu ng'ombe kamtoa wapi. Aliyeishi huku anajua swali hilo likiulizwa na watu wengi kwa pamoja huwa linaishia wapi. Bahati yake mwenyekiti wa kitongoji chake alikuwepo, akapaza sauti kwamba anamfahamu. Mwalimu akarudi nyumbani na ng'ombe wake, mguu mmoja hauna kiatu.

Hakuniomba fidia. Aliniomba kitu kimoja tu: "Andika kwamba mimi si yule."

Nikapeleka ombi lake. Jibu nililopewa lilikuwa kwamba gazeti halijakosea, jina ni la mshitakiwa kweli, na tukianza kumkanushia kila mwenye jina hilo mkoani Mara itabidi tuchapishe gazeti la peke yake. Waliokuwepo wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Hiyo ndiyo aibu yangu, na ndiyo sababu ya kuandika leo.

Ili mnielewe, inabidi kwanza tuzungumze jinsi majina yetu yanavyopatikana.

Majina ya huku hayatoki kwenye kitabu. Yanatoka angani, shambani na makaburini. Mtoto akizaliwa mvua inanyesha, ataitwa Wambura, kwa sababu mbura ni mvua. Akizaliwa wakati wa jua anaweza kuitwa Warioba, au Waryoba kama mwandishi wa cheti atapenda hivyo, kwa sababu iryoba ni jua. Sasa nambieni, mvua imenyesha mara ngapi Mara tangu dunia iumbwe? Na jua je? Kila masika yana akina Wambura wake.

Halafu yapo majina ya kurithi. Mtoto anapewa jina la babu aliyefariki, na mama yake anaanza kumwita "baba" angali ananyonya. Lengo la jina hilo ni kurudisha mtu nyumbani. Kumtenganisha mtoto na watu wengine halikuwa lengo. Kwa hiyo kufanana majina kwetu hakukuwa kosa hata siku moja. Lilikuwa jambo la furaha. Mtu akikutana na wajina wake hata safarini, wanasalimiana kama ndugu.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao Butiama. Chifu wa Wazanaki aliyezaliwa wakati viwavi vimevamia mashamba akaitwa Nyerere, kwa kuwa nyerere kwa Kizanaki ni viwavi. Huyo ni Nyerere Burito. Mwaka 1922, mwezi wa Aprili, akazaliwa mwanawe. Inasimuliwa kwamba kwanza aliitwa Mugendi, halafu akabadilishiwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku ile mvua ilinyesha. Alipobatizwa ukubwani mwaka 1943 akaongeza Julius. Ukiyaweka pamoja unapata Mrumi, mzimu wa mvua na kiwavi. Ndiye Baba wa Taifa letu.

Jina hilo leo liko kwenye uwanja wa ndege Dar es Salaam, kwenye bwawa la umeme la Rufiji na kwenye hifadhi ya taifa iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Mtoto wa darasa la tatu akisikia "Nyerere" anaweza kukuuliza unamaanisha mtu, umeme au tembo.

Sasa tuwaangalie wakubwa, maana kwao ndiko jambo hili linapoonekana vizuri.

Chukueni jina la Joseph. Kuna Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa Bunda mwaka 1940, akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Kuna Joseph Butiku, aliyefanya kazi Ikulu akiwa katibu wa Mwalimu, na baadaye akaiongoza Taasisi ya Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi. Na alikuwepo Joseph Nyerere, mdogo wake Mwalimu, kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU katika miaka ya 1960. Watu watatu wakubwa, wote wa Mara, wote waliokuwa karibu na mtu mmoja, wote Joseph.

Wawili wa kwanza walikaa hata chumba kimoja. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoanza kazi mwaka 2012 mwenyekiti wake alikuwa Joseph Warioba na mjumbe mmojawapo alikuwa Joseph Butiku. Na yule wa tatu? Fikirieni karatasi ya zamani imeandikwa "J. Nyerere" tu. Ni rais au ni mdogo wake?

Hata tume yenyewe ina wajina wake. Ukisema "Tume ya Warioba" mbele ya mtu wa umri wa baba yangu, anakumbuka tume ya kuchunguza kero ya rushwa ambayo Rais Mkapa aliiunda mwaka 1996. Ukisema hivyo hivyo mbele ya rafiki zangu, wanakumbuka rasimu ya Katiba na serikali tatu. Mwenyekiti ni mmoja, tume ni mbili, na kati yake kuna zaidi ya miaka 15. Nimewahi kusikiliza mabishano marefu pale Musoma, kila upande unasema kweli, na kila upande unazungumzia tume nyingine!

Twende kwa akina Wambura. Yuko Camillus Wambura, aliyeteuliwa Mkuu wa Jeshi la Polisi mwezi Julai 2022. Yuko Michael Richard Wambura, mtu wa mpira, aliyechaguliwa Makamu wa Rais wa TFF mwezi Agosti 2017. Na yuko Anastazia Wambura, mbunge aliyekuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo tangu mwishoni mwa 2015 hadi Oktoba 2017. Pigeni hesabu. Kwa wiki kadhaa za mwaka 2017, naibu waziri mwenye dhamana ya michezo alikuwa Wambura na makamu wa rais wa soka alikuwa Wambura. Siku hizo kichwa cha habari "Wambura azungumzia soka" kisingekuambia kitu. Na ukivuka mpaka ukafika kwa Wakikuyu, Wambura ni jina la mwanamke. Mbura ni mvua na huko pia.

Ukienda Tarime utakutana na akina Chacha. Chacha Wangwe alikuwa mbunge wa huko kupitia CHADEMA hadi alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 28 Julai 2008. Hatua chache ng'ambo ya mpaka, kwa Wakuria wa Kenya, wana Chacha wao, Profesa Chacha Nyaigotti-Chacha, mwandishi wa tamthilia za Kiswahili aliyepata kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Huyu amelibeba jina mara mbili, mbele na nyuma. Mmoja wa siasa, mwingine wa vitabu.

Na akina Nyerere wenyewe? Mwaka 1995 Makongoro Nyerere aligombea ubunge Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashinda, na baba yake, mwasisi wa CCM, alikuwa hai anaangalia. Mwaka 2010 Vincent Nyerere akashinda Musoma Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Hawa ni ukoo mmoja, si kufanana kwa bahati. Lakini hata hapo jina lilipotosha watu. Wapo waliowapigia kura kwa ajili ya marehemu au mzee, na wapo waliowalaumu kwa ajili yake pia. Makongoro ni Makongoro na Vincent ni Vincent. Tena hata jina Makongoro lina mwenyewe mwingine wa zamani, kwani Waikizu wa Bunda walikuwa na mtemi aliyeitwa Makongoro, mtu maarufu sana enzi za ukoloni.

Mtasema, sasa tatizo liko wapi? Warioba tunamjua, Butiku tunamjua, hakuna aliyewahi kumpeleka IGP kwenye kikao cha TFF.

Kweli kabisa. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mkubwa akifanana jina na mwenzake, ana kitu cha kumtofautisha. Huyu ni Jaji, yule ni Mzee Butiku, yule ni Mwalimu, yule ni IGP. Cheo kinafanya kazi ambayo jina limeshindwa. Hata akikosewa, ana namba ya simu ya mhariri, na kesho yake utasoma "tunaomba radhi" kwenye ukurasa wa pili.

Mdogo hana cheo. Kitu pekee kinachomtofautisha na wajina wake ni jina la tatu, umri na kijiji. Na hivyo vitatu ndivyo tunavyokuwa wa kwanza kuvikata nafasi ikiwa ndogo! Yaani mwenye vyeo vitano tunamwandika na vyeo vyake vyote, mistari miwili inaisha kabla hajasema lolote. Mwenye jina tupu tunampunguzia hata hilo jina.

Msifikiri ni Mara tu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Robert Ouko wawili. Mmoja alikuwa mwanariadha, mmoja wa vijana wanne waliochukua dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti mita 400 mara nne kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mwingine alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliyeuawa Februari 1990. Kifo kile kilitikisa nchi na kuundiwa uchunguzi na tume, na hadi leo jina Robert Ouko likitajwa watu wanakumbuka mauaji. Mwanariadha aliishi hadi 2019. Kwa karibu miaka 30 medali yake ilikuwa chini ya kivuli cha msiba wa mtu mwingine. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Ni jina tu.

Lakini mfano unaonichoma zaidi uko kwenye kitabu kilichotafsiriwa na mtu wa Butiama.

Mwalimu Nyerere, akiwa rais, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 likatoka lililorekebishwa, Juliasi Kaizari. Angalieni, jina la mtu huyo huyo mmoja, mtafsiri huyo huyo mmoja, na bado tahajia mbili. Julius wa Butiama alikuwa anamtafsiri Julius wa Roma.

Wengi tuliosoma tamthilia hiyo tunakumbuka Brutus na hotuba ya Antony kwenye mazishi. Mimi baada ya kukutana na yule mwalimu wa Bunda nilirudi kusoma kipande kifupi kinachofuata baada ya hotuba, ambacho shuleni tulikiruka. Umati umeshachemka, unatafuta waliomuua Caesar. Barabarani unakutana na mtu anapita zake. Unamuuliza anaitwa nani, anakaa wapi, ameoa au hajaoa. Anajibu kwamba anaitwa Cinna. Basi! Miongoni mwa wauaji yumo mtu anayeitwa Cinna. Masikini anajieleza kwamba yeye ni mshairi, siye huyo mwingine. Watu wanamsikia na wanaelewa kabisa. Wanamshambulia vilevile.

Na Shakespeare hakubuni. Wanahistoria wa kale wameandika kwamba mwaka 44 kabla ya Kristo, mtu aitwaye Helvius Cinna aliuawa na umati uliodhani ni Cornelius Cinna. Helvius alikuwa rafiki wa Caesar. Alikuwa anakwenda mazishini. Kama mtu angetamka majina yao mawili mawili, pengine angefika.

Nilipomaliza kusoma nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mnadani pale Bunda walikuwepo watu wale wale, swali lile lile, unaitwa nani. Tofauti ni kwamba Bunda alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji. Na tofauti nyingine ni kwamba jina la Cinna wa Bunda niliwapa mimi.

Kuna rafiki yangu mwandishi niliyemweleza mambo haya akaniambia natia chumvi. Kwamba msomaji mwenye akili anajua majina yanafanana. Kwamba kila jina la Mara lina wenye nalo mia, kwa hiyo hakuna mtu atakayedhani ni jirani yake. Nimeifikiria hoja hiyo na naona ina ukweli nusu. Msomaji aliye Dar es Salaam hatadhani ni jirani yake, kwa sababu jina halimwambii lolote. Msomaji aliye Bunda ndiye anayetafuta ni yupi, na atamchukua wa kwanza anayemjua. Habari ndogo ya mahakamani inasomwa kwa makini sana na watu wa mahali ilipotokea, na hao ndio wenye ng'ombe, wenye mikopo, wenye wachumba, wenye hasira.

Tena zamani tulikuwa na bahati. Gazeti la karatasi baada ya wiki lilifungiwa vitumbua, na lawama ikaliwa pamoja na vitumbua. Sasa habari ni ya mtandaoni, na hiyo haifungiwi kitu. Itakaa pale miaka 20. Kijana wa Butiama anaomba kazi, mwajiri anaandika majina yake mawili kwenye simu, inatoka kesi ya mtu mwingine wa Serengeti. Hataambiwa. Atasubiri tu kuitwa kwenye usaili hadi achoke. Yule mwalimu wangu angalau alijua kilichomkosesha wateja.

Tufanye nini basi? Sina mambo makubwa. Nina matatu, na yote hayana gharama.

La kwanza, majina matatu, umri na kijiji kwa kila mtu anayetajwa kwenye kesi. Nafasi ikiwa ndogo, kata sentensi za pambo. Kata "jana" na "imefahamika kwamba". Kama hakuna nafasi ya kumtaja mtu akatambulika, usimtaje kabisa. Andika "mkazi mmoja wa Bunda" upumzike.

La pili, tahajia iwe ya mwenyewe. Tunaandika Wasira leo, Wassira kesho, Waryoba huku, Warioba kule, kana kwamba herufi ni chumvi ya kuonja. Kwa mkubwa hilo ni tatizo dogo. Kwa mdogo hiyo herufi moja inaweza kuwa ndiyo tofauti pekee kati yake na mtuhumiwa.

La tatu, mtu akija akasema "mimi si yule", aandikwe. Hata mistari miwili. Hiyo siyo kukiri kosa, ni ustaarabu. Mwaka 1899 Winston Churchill wa Uingereza, kijana bado, aligundua kwamba Marekani kuna mwandishi wa riwaya anayeitwa Winston Churchill, tena wakati huo mwenzake ndiye maarufu zaidi. Hakumshitaki na hakumdharau. Alimwandikia barua, wakakubaliana kwa heshima, na Mwingereza akaanza kusaini vitabu vyake Winston Spencer Churchill. Aliongeza jina moja katikati mambo yakaisha. Kama mtu aliyekuja kuongoza vita ya dunia hakuona tabu kuongeza jina, sisi tunaona tabu gani kutolipunguza?

Na ninyi wasomaji mna sehemu yenu. Siku nyingine ukisoma jina unalolijua, kabla ya kupiga simu kwa shemeji yako kumpa habari moto, jiulize swali moja: yupi? Umbea unavumilia kusubiri. Ng'ombe wa ada havumilii.

Nimalizie deni langu.

Ile kesi iliisha miezi mingi baadaye. Nilipita mahakamani kwa shughuli nyingine nikamuuliza karani. Akafungua kitabu, akaniambia yule mshitakiwa mwenye jina lile aliachiwa, alionekana hana kesi ya kujibu. Nikaganda. Kumbe mwalimu alizungukwa mnadani kwa kosa ambalo hata mwenye kesi mwenyewe hakuthibitika kulitenda. Wawili walibeba mzigo ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Na kuachiwa kwake sikukuandika, wala hakuna aliyekuandika. Kushitakiwa kulikuwa habari, kuachiwa hakukuwa.

Mwaka uliofuata nilimtafuta mwalimu, nikamkuta nje ya darasa anasahihisha madaftari chini ya mwembe. Nikamwomba radhi, nikamwambia nataka kuandika habari yake kwa urefu, na safari hii nitaweka majina yake yote matatu, shule na kijiji, ili kila mtu ajue yeye si yule. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akatingisha kichwa.

"Mwanangu, andika habari. Jina langu liache. Wamelisahau juzi tu. Ukiliweka tena, hata kwa wema, watakumbuka gazeti na watasahau ulichosema."

Nimemtii. Ndiyo maana katika makala hii, ambayo nzima inadai watu waandikwe kwa majina kamili, mtu muhimu kuliko wote hana jina. Warioba nimemtaja, Butiku nimemtaja, akina Wambura, Chacha na Nyerere nimewataja, maana wao majina yao yanaweza kujitetea.

Mwalimu, kama umesoma hadi hapa: wewe si yule. Na yule naye si yule tuliyemdhania.

Samahani kwa kuchelewa.